Namba ya jezi wanaijua, unapolala je? Sayansi ya kupata marafiki uwanjani

Tuseme umetoka Isongole, kule Ileje. Umepanda gari hadi Mpemba, kama kilomita 50 hivi, ukafika Tunduma, ukavuka kwenda Nakonde, na baada ya kilomita nyingine kama 1,000 umeshuka Lusaka. Chuo umepata, chumba umepata. Sasa ni wiki ya tatu na mtu pekee anayekuita kwa jina ni mama mwenye nyumba, tena akikumbushia kodi. Siku ukishikwa na homa saa nane usiku, utampigia nani?

Hilo si swali la kujihurumia tu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zenye jumla ya washiriki zaidi ya 300,000. Waliona kwamba watu wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi katika kipindi walichofuatiliwa, kuliko wale wasio na watu wa karibu. Kwa hiyo kuwa na watu ni suala la afya, kama kula vizuri na kulala chini ya chandarua.

Ukiuliza ufanyeje, wengi watakwambia: "Nenda uwanjani, utapata marafiki." Ushauri mzuri, ila umeishia nusu. Hebu tuone uwanja unakupa nini hasa, na unakunyima nini.

Hesabu ya saa

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alijiuliza swali rahisi: urafiki unachukua muda gani? Aliwauliza watu wazima 355 waliokuwa wamehamia mahali papya katika miezi sita iliyotangulia, kisha akafuatilia wanafunzi 112. Matokeo yake yaliwafikia wasomaji mwaka 2018. Kwa makadirio yake, mtu unayemfahamu juu juu anakuwa rafiki wa kawaida mkishakaa pamoja kama saa 50. Kufika urafiki kamili ni kama saa 90. Rafiki wa karibu, yule wa kumpigia saa nane usiku, ni zaidi ya saa 200.

Hao walikuwa Wamarekani, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama sheria. Lakini zinatusaidia kupiga hesabu. Timu ya mtaani ina mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu kila siku, na mechi ya saa mbili Jumapili. Jumla ni saa 5 kwa wiki. Saa 50 utazifikisha wiki ya 10, saa 90 wiki ya 18, na saa 200 wiki ya 40.

Unaona faida ya kwanza ya uwanja? Inakuondolea aibu ya kuomba kukutana. Mgeni akitaka kumwalika mtu chai, lazima ajikaze, na akikataliwa mara mbili anaacha. Mazoezini hakuna anayekualika wala kukukataa. Jumanne ikifika, watu walewale wako palepale. Robert Zajonc alionyesha tangu mwaka 1968 kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huelekea kutupendeza zaidi, hata kama hakijatufanyia lolote. Sura nazo ni hivyohivyo.

Kuchoka pamoja

Faida ya pili iko mwilini. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford, akiwemo Robin Dunbar, waliwapima wapiga makasia 12 wa chuo hicho. Kila mmoja alifanya mazoezi ya dakika 45 kwenye mashine, safari nyingine akiwa peke yake, nyingine akiwa na wenzake wakienda kwa mapigo mamoja. Jasho lilikuwa lilelile. Lakini baada ya mazoezi ya pamoja, waliweza kuvumilia maumivu zaidi. Watafiti wanaona hiyo ni dalili kwamba ubongo ulitoa endofini nyingi zaidi, yaani kemikali za mwili zinazotuliza maumivu na kutupa raha. Watu 12 ni wachache, na endofini zenyewe hazikupimwa moja kwa moja. Hata hivyo, aliyewahi kukimbia na klabu ya joging alfajiri anajua tunachozungumzia. Mnakimbia na kuimba, na kilomita ambazo peke yako zingekushinda zinaisha bila kujua.

Tena hapo lugha haikuzuii sana. Kinyanja chako cha Lusaka kinaweza kuwa cha kubahatisha, lakini pasi nzuri haihitaji mkalimani.

Uwanja unapoishia

Sasa ile nusu isiyosemwa. Salma Mousa alifanya jaribio Iraq, matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la *Science*. Aliwachukua wachezaji Wakristo waliokuwa wamekimbia makazi yao kwa sababu ya kundi la ISIS, akaunda ligi ya mpira. Kwa bahati nasibu, baadhi ya timu zilibaki za Wakristo watupu na nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu. Msimu ulichukua miezi miwili.

Waliocheza kwenye timu za mchanganyiko walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu kama hizo, na miezi sita baadaye walionekana zaidi wakifanya mazoezi na Waislamu. Safi kabisa. Lakini walipopewa nafasi ya kwenda kula kwenye mgahawa mjini Mosul, kwenye Waislamu wengi, au kuhudhuria sherehe ya mchanganyiko, tofauti haikuonekana wazi. Ukaribu ulikuwa wa kweli, ila ulibaki uwanjani.

Wewe hutoki kwenye vita, lakini jambo hilo linakuhusu. Unaweza kucheza msimu mzima, kila mtu akajua kwamba namba 8 ni wewe, na asiwepo hata mmoja anayejua unapolala. Homa ya saa nane usiku haitibiwi na namba 8.

Basi rudi kwenye hesabu yetu. Kila baada ya mazoezi au mechi, baki saa moja. Kaeni kwenye majani mpige soga, mnywe maji, mbishane penalti ya jana. Saa 5 kwa wiki zinakuwa 8, na zile saa 200 zinashuka kutoka wiki 40 hadi wiki 25. Hall mwenyewe aliona kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazikuchangia kama saa za kupiga soga na kutaniana. Kisha, ndani ya mwezi wa kwanza, fanya jambo moja nje ya uwanja: omba mtu akuelekeze soko, au mkaribishe ugali kwako. Siku atakapojua mlango wako, umevuka mstari ambao mpira peke yake usingekuvusha.

Huchezi mpira? Netiboli, joging, hata kuchunga muda na kubeba maji kunakuweka palepale kila Jumanne.

Na kama wewe umebaki Isongole, mambo ni yaleyale kwa upande wa pili. Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya kwenu, au kijana aliyevuka kutoka Chitipa kutafuta riziki, yupo pembeni ya uwanja anawatazama. Mwiteni aingie. Na mechi ikiisha, mmoja wenu amuulize anakaa wapi, kisha amsindikize.