Jicho Lasema Ulimi Unaposhindwa

Wazee walisema macho hayana pazia, wakikusudia kwamba jicho huona kila kilicho mbele yake bila kuchagua. Msemo huo una kweli nyingi, lakini jicho nalo lina bwana wake, na bwana huyo ni ubongo. Ndiyo maana katika baadhi ya hospitali na vyuo vikuu vya ng'ambo wataalamu hupima akili ya mgonjwa kwa kufuatisha mwendo wa macho yake.

Kinachopimwa si kumbukumbu wala ujuzi wa hesabu. Ni uwezo wa akili kujiongoza: kupanga jambo kabla ya kulitenda, kujizuia, na kubadili njia mambo yanapobadilika. Mama anayesonga ugali huku akimchunga mtoto asisogelee moto hutumia uwezo huo. Askari wa zamu aliyeamriwa kulinda upande wa kulia, naye asikie kishindo upande wa kushoto, huutumia pia.

Kazi hiyo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo ikidhurika kwa ajali, risasi au maradhi, mtu aweza kuzungumza vizuri na kukumbuka mambo ya jana, na bado akashindwa kuipanga siku yake. Nyumbani huitwa mvivu. Kazini huitwa mkaidi.

MAJERUHI WA VITA

Elimu hii ina deni kwa wanajeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, Alexander Luria, aliongoza hospitali katika eneo la milima ya Ural, ambako askari waliojeruhiwa vichwani walisaidiwa kurudisha uwezo walioupoteza. Huko Marekani, mwaka 1944, jeshi lilikuwa na kipimo cha kuunganisha namba kwa penseli, kutoka 1 hadi 25. Karatasi ya pili ilichanganya namba na herufi: 1, A, 2, B, na kuendelea hivyo hadi 13. Kipimo hicho kingali kinatumika hata leo.

Mwaka 1966, Luria na wenzake, akiwamo Alfred Yarbus, walieleza jambo la ajabu. Walitumia picha iliyochorwa na Ilya Repin, inayoonyesha mtu akirejea nyumbani bila kutazamiwa. Mtu mzima wa afya akiulizwa umri wa watu waliomo, macho yake huzifuata nyuso. Akiulizwa hali yao ya maisha, hugeukia mavazi na vyombo vya nyumba. Lakini mgonjwa aliyedhurika sehemu ya mbele ya ubongo, macho yake yalitangatanga vilevile, hata swali lilipobadilika. Alikuwa akitazama, lakini hakuwa akitafuta.

KUMPA NUKTA KISOGO

Siku hizo Yarbus alibandika kifaa kidogo chenye kioo juu ya jicho lenyewe. Leo mgonjwa hukaa tu mbele ya kompyuta. Taa yenye miale isiyoonekana humulika jicho bila kuliumiza, na kamera hunasa mng'aro wake pamoja na mboni, mara nyingi katika kila sekunde.

Kipimo kimoja mashuhuri kilielezwa na P. E. Hallett mwaka 1978. Nukta hutokea ghafula upande mmoja, na anayepimwa huamriwa atazame upande wa pili. Jambo laonekana jepesi, lakini jicho kwa tabia yake hukimbilia kitu kipya, na hata mwenye afya hukosea mara kwa mara. Mwaka 1985 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba watu waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa matibabu ya kifafa walipata taabu kubwa kulizuia jicho lisiifuate nukta. Amri waliielewa, kuitii ndiko kulikowashinda.

ASIYEWEZA KUSHIKA PENSELI

Faida kubwa huonekana kwa mgonjwa ambaye neva zinazoendesha misuli yake zinakufa kidogo kidogo. Mikono hulegea, ulimi huwa mzito, lakini kwa kawaida macho huendelea kutii kwa muda mrefu. Akipimwa kwa penseli na saa, udhaifu wa mkono huhesabiwa kuwa udhaifu wa akili. Mwaka 2013 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangaza namna ya kukifanya kile kipimo cha kuunganisha namba kwa macho peke yake.

Jambo hili si dogo kwa familia. Baadhi ya wagonjwa hao hupungukiwa kweli na uwezo wa kujiongoza. Wengine akili zao ni timamu kabisa. Ni lazima ijulikane nani ni nani kabla ya kuamua juu ya matibabu, fedha na wosia. Mzee aliyenyamaza kitandani asiamuliwe mambo yake kama kwamba hayupo.

Hata hivyo, mashine si hakimu. Usingizi haba, pombe, baadhi ya dawa na macho mabovu huharibu matokeo, na asiyefundishwa alfabeti hawezi kupimwa kwa herufi. Majibu ya mashine hupimwa pamoja na maelezo ya jamaa, maana wao ndio wanaomwona mgonjwa kila siku.

Basi, mtu aliyeumia kichwa akianza kazi nyingi asimalize hata moja, akirudia kosa lilelile, au akighadhibika bila sababu asivyokuwa zamani, inafaa jamaa waandike wanayoyaona na kumpeleka kwa daktari. Kumkaripia hakutamponya. Huenda amri ameisikia vizuri, ila aliye ndani wa kuitekeleza ndiye aliyejeruhiwa.