Mashine ya petroli haipendi kupumzika

Masika yakishika, viwanja vya Goba, Madale na Kigamboni hufunikwa na majani ndani ya wiki chache, na wauza vifaa wa Kariakoo huanza kuulizwa swali lile lile: ninunue mashine ya kukatia majani ya mafuta au ya betri? Wengi hujibu kwa kutaja nguvu. Ya mafuta ina nguvu, hiyo nyingine ni ya kuchezea watoto. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halimsaidii mwenye nyumba. Mtu anayefyeka ua wake mara mbili kwa mwezi, na kiangazi kizima haigusi mashine, hana upungufu wa nguvu. Tatizo lake ni kwamba mashine ya petroli huharibika zaidi ikikaa kuliko ikifanya kazi.

Chanzo ni kabureta. Mashine nyingi za kubeba begani zina injini ya mipigo miwili, ambayo ni ndogo, nyepesi, na haina mahali pa kuhifadhia oili yake. Ndiyo maana unaweza kuilaza upande wowote nayo ikaendelea kulainika: oili imechanganywa humo humo kwenye petroli, ile 2T waliyokuwa wakiweka wenye Vespa. Mchanganyiko huo ukiachwa kwenye tangi kwa miezi, sehemu nyepesi za petroli huvukia na kuacha utando mzito unaonata. Vitundu vya kabureta ya mashine hizi ni vyembamba mno, na utando kidogo unatosha kuviziba. Kiwambo chembamba cha mpira kinachosukuma mafuta nacho hukakamaa. Mvua ikirudi, mwenyewe anavuta kamba ya kuwashia mpaka bega linamuuma, injini inakohoa mara mbili na kunyamaza. Fundi anaifungua, anaisafisha, analipwa, na msimu unaofuata anaitwa tena kwa ugonjwa ule ule.

Kinga yake haina gharama: kabla ya kuihifadhi, mwaga mafuta yote, kisha iwashe iungurume mpaka imalize yaliyobaki kwenye kabureta na kuzimika yenyewe. Ni kazi ya dakika tano. Wanaoikumbuka ni wachache.

Kisha kuna kuchanganya. Mashine zenye kiwango kizuri hutaka oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 100 kwa lita tano. Nyingi za bei nafuu huandikiwa 25 kwa moja, na hizo zinahitaji mililita 200 kwa lita tano hizo hizo. Usikisie kwa kifuniko cha chupa. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa: bomba moja kwa lita ni 50 kwa moja, mabomba mawili ni 25 kwa moja. Andika kwa maka kwenye kidumu kwamba humo mna mchanganyiko, maana siku kijana wa kazi atakapotumwa kituoni na kujaza petroli tupu, pistoni itakwaruza silinda ndani ya dakika chache na injini itanoki. Hapo hakuna cha kusafisha. Ni kununua silinda na pistoni mpya, au mashine nyingine.

Sasa mgeukie kijana anayezunguka mitaani na mashine begani akifyeka kwa malipo. Kwake shida hizi karibu zote hazipo. Mafuta hayalali kwenye tangi lake, kuchanganya amekuzoea, na kwenye kabureta inapita petroli mpya kila siku. Akiuliza kama ahamie kwenye betri, nitamwambia asihamie bado, na sababu yake ni hesabu.

Kukata majani ya kawaida kwa kamba ya nailoni huchukua wastani wa wati 300 hadi 400. Tuseme 350. Akifanya kazi saa tano, anahitaji wati-saa 1,750. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5, ambayo ni ya heshima kwa matumizi ya nyumbani, hubeba wati-saa 90. Angehitaji betri kama 20 zilizojaa asubuhi, au sehemu ya kuchajia kwa kila mteja. Mwenzake wa petroli, mwenye injini ndogo ya sisi 27, anatumia karibu nusu lita kwa saa ikiwa katika kasi ya juu. Kidumu cha lita tano kinampeleka siku nzima na chenji inabaki. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9 za joto. Injini hizi hupoteza sehemu kubwa sana ya joto hilo, na bado kinachosalia kinaishinda betri yoyote unayoweza kuibeba begani.

Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo inayompendelea mwenye ua. Kiwanja cha mita za mraba 600, ukitoa nyumba, banda na sehemu iliyowekwa pevingi, hubaki na majani ya dakika 20 au 30, hasa kingo za ukuta na mitaro. Kwa wati 350, dakika 20 ni wati-saa kama 117. Betri mbili za wati-saa 90 zinakutosha na akiba inabaki. Ukiirudisha mashine stoo, wala huna haja ya kuifikiria mpaka majani yaote.

Mbona basi watu wengi wanalalamika kwamba ya betri ni takataka? Kwa sababu wameuziwa namba. Chukua zile mashine nyepesi za rangi kali zenye betri iliyoandikwa 88VF au 98VF. Mnunuzi anasoma volti 88. Siyo volti, ni jina la modeli tu. Mara nyingi ndani mna seli tano za lithiamu, na seli moja ikijaa kabisa haizidi volti 4.2. Tano ni volti 21, basi. Kama kila seli ina ampea-saa 1.5, betri nzima ina wati-saa 27, na kwa wati 350 hiyo ni chini ya dakika tano za kazi. Mtu akishazima mara tatu kabla hajamaliza upande mmoja wa ukuta, ana haki ya kukasirika, ila aikasirikie lebo.

Namna ya kuikagua dukani ni kuishika. Seli moja ya ukubwa wa kawaida, milimita 18 kwa 65, ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya seli kumi haiwezi kuwa chini ya gramu 450, bado hujaongeza ganda na saketi. Betri inayodaiwa kuwa kubwa lakini nyepesi mkononi imejaa hewa. Kisha tafuta wati-saa, ambazo watengenezaji makini huziandika kwenye betri yenyewe. Zisipoandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa, na ukumbuke kwamba "volti 20" ya kampuni moja na "volti 18" ya nyingine ni seli tano zile zile, moja imepimwa ikiwa imejaa, nyingine kwa wastani. Uliza pia kama mota ni isiyotumia kaboni. Hizo hazipotezi umeme mwingi kwa joto, wala hazina kaboni za kubadilisha.

Wa petroli nao hawakosi kuongeza chumvi. Mashine iliyoandikwa sisi 52 inapaswa kuwa na silinda yenye kipenyo cha milimita 44 ikiwa pistoni inatembea milimita 34. Ukikuta kipenyo ni 40, umebeba sisi 43 zilizoandikiwa 52. Fundi anaweza kukupimia kwa kaliba bila taabu.

Kwa gharama za kila siku hakuna ushindani. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na hazikai mahali pamoja, kwa hiyo nitatumia shilingi 3,000 kwa lita kama mfano: saa moja ya injini ndogo ni shilingi 1,500, mbali na oili. Saa moja ya betri, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 0.4, uniti ikiwa shilingi 350, hiyo ni shilingi 140 za Luku. Ghali ni betri yenyewe, ambayo mara nyingi hukaribia nusu ya bei ya seti nzima. Kwa hiyo kama tayari una drili ya betri ya kampuni inayojulikana, tafuta mashine ya majani inayotumia betri hiyo hiyo, ununue mwili peke yake. Na kampuni ambayo betri zake hazipatikani mjini kwako uipite hata ikipunguza bei. Plagi na kabureta fundi pikipiki yeyote atakutafutia. Saketi ya betri ikifa, wengi wao watakurudishia.

Adui mkubwa wa lithiamu huku Pwani ni joto. Betri iliyojaa kabisa na kuachwa chini ya bati mwezi wa Februari huzeeka upesi kuliko inayofanya kazi. Iweke ndani ya nyumba ikiwa na nusu ya chaji, na baada ya kufyeka iache ipoe kabla ya kuichomeka kwenye chaja.

Kuna kelele pia. Masikioni mwa anayeishika, mashine ya petroli hufika kwa urahisi desibeli 95. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kutozidi desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Kwenye 94 umebaki na saa moja. Vijana wengi wanaofyeka kandokando ya barabara zetu hawana chochote masikioni. Moshi nao una asili yake: katika mipigo miwili, mchanganyiko mpya huingia kwenye silinda huku tundu la kutolea moshi likiwa bado wazi, na sehemu yake hutoroka bila kuungua. California ilipitisha sheria mwaka 2021 iliyofungua njia ya kukomesha uuzaji wa injini mpya ndogo za aina hii, kuanzia modeli za 2024. Sioni hapa kwetu tukifika huko karibuni, na mpaka vijana wapate betri za kuwatosha siku nzima, nisingependa tufike.

Kamba ya nailoni ina mipaka yake, iwe injini ni ipi. George Ballas wa Houston, Texas, aliyeibuni mwaka 1971 baada ya kutazama brashi za mashine ya kuoshea magari, alianza kwa kupitisha nyuzi za kuvulia samaki kwenye kopo la bisi. Alitaka kukata majani kwenye mashina ya miti bila kuchubua magome. Haikukusudiwa mabingobingo wala vichaka. Kama kiwanja kimeachwa mwaka mzima, usianze na mashine yako mpya ya betri: mlipe mwenye petroli na kisu cha chuma siku moja akifungue, kisha wewe kiendeleze kwa kamba kila wiki mbili kabla majani hayajapita kifundo cha mguu. Kamba ikiwa kavu na inakatikakatika, ilaze kwenye maji usiku kucha. Nailoni hunywa maji na kupata ulaini. Vaa miwani na buti, watoto wakae mbali. Ndago usihangaike nazo kwa mashine yoyote, zing'oe kwa jembe.