Picha Bubu na Swali la Lugha: Kutoka Moscow hadi Ukanda wa Shaba

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo aghalabu huachiwa wataalamu wa sinema, ilhali linawahusu vilevile wanafunzi wa lugha. Jambo lenyewe ni hili: picha inapoonyeshwa mbele ya hadhira, ni nani anayepewa nafasi ya kusema, na anasema kwa lugha gani? Tutaanza na Urusi ya baina ya vita viwili vikuu, ambako swali hilo lilijadiliwa waziwazi. Kisha tutauangalia ukanda wa shaba, ambako katika miaka hiyohiyo swali lilizuka kwa sura nyingine. Msomaji wa Lualaba analifahamu tayari. Musumba, makao ya Mwant Yav, husema Kiruund. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, uliwakusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi. Je, filamu moja ingewezaje kusema na wote hao?

Mwezi Agosti 1919 serikali ya Lenin ilitaifisha sinema, na mwaka huohuo chuo cha filamu kikafunguliwa Moscow. Nchi ilikuwa vitani, wengi wa raia wake hawakujua kusoma, na lugha zilizosemwa humo zilizidi mia moja. Kwa hiyo zilitumika treni maalumu zilizopeleka picha hadi vijijini. Dziga Vertov alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi humo. Filamu za wakati huo zilikuwa bubu, na maelezo yaliandikwa katikati ya picha. Kwa asiyejua kusoma, maandishi hayo hayakuwa na faida mpaka apatikane mtu wa kuyasoma kwa sauti na kuyafasiri.

Hapana shaka kwamba hali hiyo iliipa nguvu imani ya wasanii wa Kirusi kwamba picha zenyewe zaweza kuwa lugha. Lev Kuleshov alifundisha kuwa maana ya picha hutokana na picha inayotangulia na inayofuata, kama vile maana ya neno inavyotegemea jirani zake katika sentensi. Sergei Eisenstein alilidhihirisha jambo hilo katika Battleship Potemkin (1925), kwenye ngazi za Odessa: buti za askari, uso wa mama, na kigari cha mtoto kinachoteremka peke yake. Mtazamaji haelezwi kwa maneno kwamba huo ni udhalimu, anauona mwenyewe. Vertov naye, katika filamu yake ya mwaka 1929 kuhusu mtu mwenye kamera, aliyaondoa kabisa maandishi ya katikati, akitangaza kwamba anatafuta lugha ya watu wote ulimwenguni.

Sauti ilipoingia katika filamu, ilileta furaha pamoja na hofu. Mwaka 1928 Eisenstein, Vsevolod Pudovkin na Grigori Aleksandrov walitoa tamko lao mashuhuri. Hawakuikataa sauti, walichohofia ni kwamba ingetumika kunakili mazungumzo tu, na picha ikageuka kuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa kamera. Walishauri sauti isifungwe na picha bali ipingane nayo, na wakadai kuwa kwa njia hiyo filamu haitafungiwa ndani ya soko la taifa moja. Mwaka 1931 Nikolai Ekk alitoa filamu ya kwanza ndefu ya mazungumzo ya Kisovieti, na Vertov akatoa filamu kuhusu wachimba makaa wa Donbass. Mngurumo wa mashine na mlio wa ving'ora alivitumia kama mtunzi wa muziki atumiavyo ala zake. Anayeishi karibu na mgodi hahitaji mkalimani ili aelewe sauti hizo.

Tugeukie sasa ukanda wetu. Mwaka 1932 J. Merle Davis, wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliongoza uchunguzi kuhusu athari za migodi ya shaba ya Afrika ya Kati kwa jamii za wenyeji. Katika kazi hiyo alipata wazo kwamba filamu zaweza kumsaidia Mwafrika kuyaelewa mabadiliko yaliyomkumba. Matokeo yake yalikuwa jaribio la sinema la miaka 1935 hadi 1937, lenye makao huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa msaada wa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Filamu zilihusu afya, kilimo, kodi, akiba ya posta, na hata hadithi ya sungura na chui. Lori lilizungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yenye migodi yake ya shaba.

Linalotuhusu hapa ni mbinu yao. Picha zilipigwa bila sauti, na maneno yakarekodiwa kando katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Kiufundi mbinu hii ilikuwa na kasoro, maana ilikuwa vigumu kuioanisha santuri na picha. Hata hivyo kasoro hiyo ilikuwa na fadhila yake: picha moja iliweza kubadilishiwa lugha kwa kubadili santuri tu. Kile ambacho Warusi walikitafuta kwa nadharia, Vugiri ilikipata kwa uhaba wa mitambo.

Lakini tusikosee. Kuzungumza lugha ya watu si sawa na kuwaachia watu wazungumze. Ujumbe wa Vugiri ulipangwa na wageni. Katika Kongo ya Kibelgiji nako mapadre waliwaonyesha watu filamu bubu, huku mfafanuzi akizieleza kwa lugha ya mahali. Na sheria ya mwaka 1945 ikawazuia Waafrika kutazama filamu zisizoidhinishwa kwa ajili yao. Kiswahili kilikuwamo, ila kama chombo cha kupokelea maagizo.

Mwandishi wa Senegal, Ousmane Sembène, alitambua tofauti hiyo. Mwaka 1961 alikwenda Moscow kujifunza filamu kwa Mark Donskoy, mwongozaji aliyeanza kazi katika enzi tuliyoieleza, kwa sababu wengi wa watu wake hawakuweza kusoma riwaya zake za Kifaransa. Mwaka 1968 alitoa Mandabi, filamu iliyozungumza Kiwolofu.

Basi swali linabaki kwetu tunaosoma Kiswahili. Filamu ya mchimba shaba wa Kolwezi itazungumza Kiswahili sanifu, au kile anachokisema mwenyewe anapotoka zamu? Tusipolijibu sisi, atalijibu mwenye kulipia kamera.