Pombe ya Mama na Ubongo wa Mtoto

Mara nyingi tunasikia mama mjamzito akiambiwa kwamba kikombe cha pombe ya kienyeji huongeza damu, au kwamba katika miezi ya mwisho mtoto amekwisha kamilika, hivyo hakuna la kuogopa. Mwezi huu tuutazame ubongo wa mtoto, tuone kama maneno hayo ni kweli.

Seli za ubongo hupashana habari. Seli moja hutoa kemikali yenye ujumbe, na seli jirani huipokea kwa vipokezi vilivyo juu yake. Kemikali ni kama ufunguo, kipokezi ni kama kufuli. Kemikali mbili kuu ni glutamati, inayoamsha seli, na GABA, ambayo kwa mtu mzima huituliza.

Kwa binadamu vipokezi hivi huanza kazi mtoto akiwa bado tumboni. Wakati huo huisaidia seli changa kufika mahali pake na kuungana na wenzake. Seli isiyopata ujumbe wa kutosha huweza kujiua yenyewe.

Pombe anayokunywa mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Huko huziba baadhi ya vipokezi vya glutamati na kuzidisha nguvu ya GABA. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani na Marekani walieleza kwamba panya wa siku 7, waliopewa pombe nyingi, walipoteza mamilioni ya seli za ubongo kwa muda mfupi. Ubongo wa panya wa umri huo unalingana na wa mtoto wetu katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Basi miezi hiyo si ya kulegeza masharti.

Mtoto aliyedhurika hivyo huenda akawa mzito wa kujifunza, asiyetulia, mwepesi wa hasira. Shuleni huchapwa kwa ukaidi, kumbe si kosa lake.

Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Mama aliyekwisha kunywa asikate tamaa: akiacha leo, anazikinga seli zinazoendelea kukua. Damu itafutwe kwenye maharage, dagaa, mboga za majani na vidonge vya kliniki. Nanyi akina baba, msimkaribishe mama kilabuni. Mkiacha pamoja naye, atapata nguvu zaidi.