Ni nani mlezi wa kuta za Nakuru?

Kwa zaidi ya miaka kumi, ukuta wa upande wa mashariki wa ukumbi wa mtaa wetu hapa Nakuru ulikuwa na picha ya wanawake wawili wakipakua chakula kutoka sufuria moja. Haikuwa picha ya ustadi wa kupigiwa mfano. Mkono wa mmoja wa wanawake hao ulikuwa mrefu kupita kiasi, na watoto waliopita hapo asubuhi wakienda shuleni hawakuacha kuufanyia mzaha. Hata hivyo, kila mtu mzima mtaani alijua picha hiyo ilichorwa lini na kwa sababu gani. Ilichorwa mwaka 2008, miezi michache baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati majirani waliokuwa wamekimbilia hifadhi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo walipoanza kurejea mmoja mmoja, na wengine wasirejee kabisa. Vijana walichanga fedha za kununua rangi, fundi wa kuandika mabango akatoa kazi yake bure, na mama mmoja muuza uji akawalisha kwa siku tatu.

Ukuta huo sasa una rangi moja kutoka msingi hadi paa, na juu yake pameandikwa jina la bidhaa ambayo sitaitaja. Kazi ya kuufuta mchoro ilichukua asubuhi moja tu. Nilipokwenda kuuliza katika afisi niliyoelekezwa, karani, kijana mwenye adabu zake, alinifungulia jalada. Ndani yake mlikuwa na barua ya maombi, risiti ya malipo, na vipimo vya ukuta kwa mita za mraba. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Kisha akaniuliza, "Mzee, huo mchoro unaousema una nambari gani?"

Mchoro haukuwa na nambari. Haukuwa na barua, wala risiti, wala mtu ambaye jina lake lingeweza kuandikwa mahali palipoachwa kwa jina la mwenyewe. Nilitoka pale bila hasira kwa yule kijana, maana hakukosea lolote. Tangazo lilikuwa na jalada ilhali picha haikuwa nalo, na mbele ya meza ya afisi kitu kisicho na jalada ni sawa na kitu kisichokuwapo.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu siku hiyo tumesikia mengi juu ya barabara, taa, maji taka na masoko, na ni haki tuyasikie. Lakini jiji pia ni mahali pa watu kukutana bila ya kualikana, na pale wanapokutana hupenda kuacha alama. Jambo hili halikuanza jana. Kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, katika kilima cha Hyrax Hill ambako Mary Leakey alianza kuchimbua mwaka 1937, kuna vishimo vya mchezo wa bao vilivyochongwa katika mwamba wenyewe. Aliyevichonga hakuacha jina lake. Twajua tu kwamba hakuvichonga kwa ajili yake peke yake, kwani bao halichezwi na mtu mmoja. Ukinitaka nitaje kazi ya sanaa ya umma iliyo kongwe katika jiji letu, sitakupeleka kwenye sanamu ya kiongozi yeyote. Nitakupeleka huko mwambani.

Na kwa nini vishimo hivyo vingalipo? Mwamba ni mgumu, hilo ni kweli, lakini mji unaokua huvunja miamba kila siku ili kupata kokoto. Vimebaki kwa sababu mahali pale pana makumbusho, pana ua, na pana mlinzi anayelipwa mshahara.

Nitoe mfano wa pili ulio karibu nasi, japo najua utawaudhi baadhi ya wasomaji. Zamani za ukoloni, katika barabara kuu ya Nairobi iliyoitwa kwa jina la Lord Delamere, palisimamishwa sanamu yake ya shaba. Uhuru ulipopatikana, barabara ilipewa jina la Kenyatta na sanamu ikaondolewa. Ilihamishiwa Soysambu, shamba la jamaa zake kando ya Ziwa Elementaita, katika kaunti yetu hii hii. Simlilii Delamere, na nadhani kuondolewa kwake barabarani kulikuwa haki. Ninachosema ni kwamba sanamu ya mtu aliyekataliwa na taifa zima ilipata pa kwenda kwa kuwa ilikuwa na wenyewe, ilhali wanawake wawili wa ukumbini petu, ambao hakuna aliyewakataa, hawakupata hata mtu wa kuwaombea muhula wa wiki moja.

Mfano wa tatu unanipa moyo zaidi. Katika miaka ya 1950, Elimo Njau, Mtanzania wa kutoka Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alichora katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ambao wakati ule ukiitwa Fort Hall, michoro mikubwa ya maisha ya Yesu akiwa katika mandhari na sura za Kiafrika. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, nchi ikivuja damu, na kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka wakristo waliouawa wakati huo. Kanisa hilo lina waumini wanaoingia kila Jumapili, na mtu akija na ndoo ya rangi ataulizwa ametumwa na nani. Kumbe basi mlezi si lazima awe serikali. Lakini ukuta wa ukumbi, wa soko au wa stendi ya matatu hauna waumini. Wenye ukuta huo ni sote, na cha sote, kama tujuavyo, huishia kuwa cha yule aliyekuja na risiti.

Hapo ndipo serikali ya jiji inapohitajika. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka Serikali ikuze sanaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni pamoja na bustani za umma. Na katika orodha iyo hiyo, mistari michache tu mbali, linazikabidhi pia udhibiti wa matangazo ya nje. Yaani mkono unaopokea ada ya mabango ndio huo huo uliopewa wajibu wa kulea sanaa. Hakuna haja ya kutafuta fedha ng'ambo. Sehemu ndogo ya ada inayotozwa kwa kila mita ya mraba ya tangazo ingetosha kuweka daftari la michoro na sanamu zote zilizo mahali pa umma, kuipa kila moja nambari yake, na kumlipa fundi aizungukie baada ya masika kutengeneza palipobanduka.

Wengine wamelifanya jambo hili zamani. Philadelphia, huko Marekani, tangu mwaka 1959 ina sheria inayowataka wajenzi katika ardhi iliyotolewa na jiji watenge asilimia moja ya gharama kwa sanaa. Mwaka 1984 jiji hilo lilianzisha mpango uliowachukua vijana waliokuwa wakichafua kuta na kuwafanya wachoraji, na leo mpango huo hutumia nguvu pia kuitengeneza michoro iliyozeeka. Kwetu huku tunapenda siku ya kukata utepe. Siku ya kupiga msasa hatuijui.

Nakiri kwamba kuna hatari ya kumpa mkubwa brashi. Akiachiwa peke yake atachora sura yake. Isitoshe, kazi inayoshushwa kwa watu bila wao kuulizwa haikai: mwaka 2015 mjini Kisumu, sanamu iliyowekwa kuadhimisha miaka 100 ya jamii ya Wasikh ilivunjwa na watu wenye hasira muda mfupi baada ya kusimamishwa, wengine wakidai kuwa ni ya kishetani. Waliovunja walifanya vibaya. Lakini najiuliza kama kuliitishwa kikao hata kimoja chini ya mti kabla ya saruji kumwagwa. Afadhali jiji lilipie rangi na ulinzi, na mtaa uchague picha.

Kuna watakaoniambia kwamba zahanati hazina dawa. Hilo najua, nami hupanga foleni huko huko. Ila ukuta wa zahanati nao umeandikwa tangazo, na sijasikia kwamba tangazo hilo limeleta dawa.

Jambo jingine ni la mafundi wenyewe. Walioandika mabango ya maduka ya Nakuru kwa brashi, wakachora kuku kwenye hoteli na kichwa kilichonyolewa kwenye kinyozi, wanaisha kazini, kwa kuwa mashine huchapisha bango zima kwa dakika chache. Wale waliopamba matatu walipigwa dafrau mara moja mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoleta mstari wa manjano na kuifuta michoro, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza mwaka 2014 kwamba vijana waachwe wachore. Kwa miaka kumi baadhi yao walikuwa wamekwenda kuuza mitumba, na mkono wa mchoraji ukilala miaka kumi hauamki vile vile. Jiji likiwa na kuta 20 za kulipia kwa mwaka, mafundi hao wangepata wanafunzi.

Fundi wetu wa mwaka 2008 yu hai. Nilimtembelea juzi. Anasema yuko tayari kuchora tena, na kwamba safari hii ataupunguza ule mkono. Vijana wa wakati ule, ambao sasa ni wazazi, hawataki upunguzwe.

Mkataba wa tangazo unakwisha Desemba. Nimekwisha andika barua ya maombi na kuupima ukuta mwenyewe kwa futi ya kuazima. Mahali pa jina la mwenye mchoro nimepaacha wazi, kwa kuwa fundi anasema mchoro ni wa vijana, vijana wanasema ni wa mtaa, na yule karani ameniambia kwa upole kwamba mtaa hauna nambari ya kitambulisho.