Mama Akisema "Niombeeni Nife"

Jioni moja tulikwenda Soweto, hapa Moshi mjini, kumjulia hali mama mmoja wa jumuiya yetu. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea mwilini. Tulipoketi kando ya kitanda akatushika mikono, akasema, "Mama zangu, msiniombee nipone. Niombeeni nife. Na kama kuna sindano ya kunimaliza, mwambieni daktari anichome." Binti zake wawili wakainamisha vichwa. Sisi tuliokuja na Biblia na chupa ya uji tukakosa la kusema.

Njiani tulibishana. Mmoja wetu alisema yule mama ameingiwa na jaribu, akemewe. Mwingine akasema, mbona huko Ulaya wangemsaidia? Ni kweli, Uholanzi na Ubelgiji zina sheria tangu mwaka 2002 inayomruhusu daktari, kwa masharti, kumpa mgonjwa kifo anachokiomba. Wanakiita kifo cha huruma. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu humhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha, hata kama ugonjwa ule ungemwua. Nasi Wakristo twaamini uhai si mali yetu. Lakini, msomaji mpendwa, jibu hilo halimfikii mtu anayelia kwa maumivu saa nane za usiku.

Tulirudi tena, safari hii pamoja na muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa na kumtunza hata pale ugonjwa usipoponyeka. Muuguzi akauliza, "Chupa ya mofini iko wapi?" Binti mkubwa akaenda kuitoa nyuma ya kabati. Ilikuwa imejaa. Alikuwa ameificha kwa majuma mawili, kwa sababu jirani alimwambia kwamba hiyo ndiyo dawa ya kumalizia watu. Aliogopa asije akamwua mama yake kwa mkono wake mwenyewe.

Tusimcheke. Wengi wetu twaamini hivyo hivyo. Muuguzi alieleza taratibu: mofini ya kunywa huanza kwa kipimo kidogo, hutolewa kila baada ya saa 4 bila kungoja maumivu yarudi, na huongezwa kadiri ya maumivu. Ikitolewa kwa vipimo hivyo haiui. Siku za kwanza huweza kuleta usingizi na kichefuchefu, na karibu kila anayeitumia hufunga choo, kwa hiyo hupewa pia dawa ya kulainisha choo. Chupa hufungiwa mbali na watoto. Anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya saratani si mlevi wala mtumwa wa dawa za kulevya.

Baada ya siku chache mama alilala usiku kucha. Asubuhi akaomba mtori. Saratani haikuwa imepungua hata kidogo, bado alikuwa anakwenda, lakini habari ya sindano hakuitaja tena.

Tukamkumbuka Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii mzima alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumpa kifo alichokiomba. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Nasi tulikuwa tumeanza na mazungumzo!

Wako wanaosema maumivu ni msalaba, yavumiliwe. Hao tunawaomba wafungue Mithali 31. Sisi akina mama sura hiyo twaijua, ila kwa kawaida twaanzia mstari wa 10, kwenye sifa za mke mwema. Mstari wa 6 unaagiza kileo kipewe mtu aliye karibu kupotea. Ni mama wa mfalme anayefundisha hayo. Naye Papa Pio XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu makali hata kama dawa yaweza kufupisha maisha, mradi nia isiwe kuua.

Tena kazi hii imejengwa na wanawake waamini. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, akaonyesha kwamba mofini ya unga ikichanganywa na maji yaweza kumfikia hata maskini kijijini.

Likazuka jambo la pili. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alitaka sehemu ya kihamba iuzwe, mama apelekwe India. Madaktari walikuwa wamesema wazi kwamba matibabu zaidi hayataponya. Mama akakataa: "Mkiuza kihamba mtanizika wapi?" Kijana akalia akisema basi tunamwua. Hapana. Kumwua mtu ni kitu kimoja. Kuacha tiba nzito isiyo na faida, huku ukiendelea kumlisha, kumwosha na kumtuliza, ni kitu kingine. Hata waraka wa Papa Yohane Paulo II, Evangelium Vitae wa mwaka 1995, uliolaani kifo cha huruma kwa ukali, unatenganisha mambo hayo mawili.

Lakini kuna neno alilotuambia mama faraghani ambalo bado latuuma. Alisema kilichomfanya atamani sindano hakikuwa maumivu peke yake. Alimwona binti mdogo ameacha meza yake ya mitumba soko la Memorial, amekonda, analala kwenye kiti. Akajiona mzigo. Ndipo tulipopanga zamu, wanne wanne, mmoja wa kufua, mmoja wa usiku. Tungalipanga mapema. Kutembelea mgonjwa dakika 20 na kuimba pambio mbili ni rahisi mno.

Mwishoni aliomba apandishwe kwao Uru. Alilazwa chumba chenye dirisha linalotazama migomba. Alikaa siku 11, akapokea Chakula cha Bwana, akagawa kanga zake, akamsamehe dada yake waliyekuwa hawasemezani. Alikufa alfajiri binti mdogo akiwa amemshika mkono. Juma lililofuata binti mkubwa alishuka mjini na chupa, mofini ikiwa imebaki robo, akamrudishia muuguzi.