Mchikichi Mmoja, Wenyewe Wawili

MFANYABIASHARA wa Kigoma au Uvira akija Rumonge kununua mawese, huuliza bei ya dumu. Mimi, mtoto wa mkimbizi niliyekulia Ulyankulu, huuliza jingine: mchikichi uliotoa mafuta hayo ni wa nani?

Swali hilo linanyima watu usingizi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huku kusini kando ya ziwa. Mauaji ya kulipiza kisasi yaliyofuata yakawakimbiza wenye mashamba wengi hadi Tanzania. Serikali ikawapa wengine ardhi yao, na sehemu ikaingizwa katika mradi wa michikichi. Kisha sheria ya ardhi ya 1986 ikampa haki aliyelikalia shamba miaka 30, au 15 tu kama aliingia kwa nia njema.

Tuliporudi baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, tulikuta humo watu waliokwisha kuzaa na kuzika. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, kwanza ilipendelea tugawane. Aliyerudi akakesha akihesabu nusu ya urithi iliyopotea. Kuanzia 2011 tume ikaelekea kumrudishia shamba lote. Sasa akakesha jirani yake, ambaye alipewa shamba hilo na serikali.

Nimewasikiliza wote wawili. Ugonjwa wao ni mmoja: moyo kwenda mbio, mawazo usiku kucha, hasira kwa watoto. Na kila mmoja hulilaumu kabila au chama cha mwenzake, wakati aliyegawa shamba moja mara mbili ni serikali. Wanasiasa wanalijua hilo. Mtu mwenye hofu ya kufukuzwa haulizi habari za barabara wala zahanati. Anamfuata anayemwonyesha adui.

Kazi ya CNTB ilikoma 2022, hofu haikukoma. Nanyi wachuuzi inawagusa: asiye na uhakika wa shamba hapandi mchikichi unaosubiriwa miaka mitatu au zaidi. Anapanda mihogo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vidonge vya usingizi haviwezi kumaliza jambo hili. Anayebaki apewe hati, anayeondoka alipwe fidia kabla hajafunga mizigo. Hapo ndipo majirani hawa wataweza kulala, na kupiga kura bila kuogopana.